Blanketi Halina Moto

Kabla hamjaanza kunicheka, mmoja wenu aende jikoni akatie mkono nyuma ya friji. Si ndani. Nyuma, kule mnakoficha mafagio. Aguse, kisha arudi akae. Ameona? Kuna joto kama paji la mtoto mwenye homa. Sasa mwenye akili ajiulize: mashine ya baridi inafanya nini na joto mgongoni?

Nimeuza barafu miaka thelathini na ushei hapa Bagamoyo, pale pale wanaposhushia samaki, na siku hizi nakutana na vijana wenye vyeti ambao swali hilo halijawahi kuwapitia kichwani. Mimi niliishia darasa la nne. Nililipata jibu nikiwa na miaka kumi na tisa, pamoja na kofi la mkono.

Aliyenichokoza niandike haya ni mjukuu wangu Nasra, yuko kidato cha nne. Siku moja alirudi shule na daftari la fizikia, uso umemnyooka kama katoka Makka. Akaniambia, "Bibi, leo tumefundishwa kwamba joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto. Ni sheria."

Nikamwambia, "Mmefundishwa leo? Na jana mlikuwa mnaishije?"

"Bibi, ni sheria iliyowasumbua wataalamu wakubwa wa Ulaya."

"Wangekuja kwangu. Ningewafundisha kwa bei ya pande moja la barafu, na kichwa cha nguru ningewaongezea."

Akasema basi andika, usitambe tu. Nikaandika. Herufi zilizopinda ni zangu, nukta amenitilia yeye.

Nianze na aibu yangu, maana mzee anayeanza na sifa zake mwacheni aendelee peke yake. Zamani barafu ilikuja asubuhi kwa lori kutoka Dar, mapande marefu kama magogo ya mnazi. Siku yangu ya kwanza kazini nilinunua pande langu, nikaliweka kwenye karai, karai kichwani, nikakata mtaa mzima wa Dunda kwa miguu. Na Dunda ndivyo ilivyo, ukimpita mtu hujamsalimu atakusema mpaka mwezi uandame. Kwa hiyo nikasalimu. Shikamoo huku, marahaba kule, watoto hawajambo, mgonjwa anaendeleaje. Maji yanatiririka shingoni mpaka kifuani, nami nasema alhamdulillahi, leo hakuna joto. Sikujua kwamba kila shikamoo nilikuwa naiuzia bidhaa yangu.

Nilipofika kwa mteja wangu, mama mmoja aliyekuwa akiuza sharbati, nikatua karai. Ndani mna maji, na katikati ya maji kuna kitu kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Mama yule akatazama. Akanitazama.

"Tatu," akaniita, "hii ni ya kunywa au ya kuoga?"

Nilirudi nyumbani nimeloa, na si kwa maji ya barafu peke yake.

Aliyeniokota ni Kantabai, Mungu ampe mapumziko kwa desturi za dini yake. Alikuwa mjane wa Kihindi, ana duka la dengu na viungo, na ndiye mtu wa kwanza niliyemwona na friza yake mwenyewe. Mwanamke mfupi, mkali, anahesabu pilipili manga kwa macho. Aliniajiri nimsaidie kugandisha barafu za vikombe na kuziuza mlangoni.

Joto la mwezi wa Februari mnalijua lilivyo. Siku moja mchana Kantabai yuko nyuma anakunywa chai, mimi nimebaki dukani najipikia kwa jasho. Nikapata akili. Nikaifungua friza wazi kabisa, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, miguu nimenyoosha. Mvuke mweupe unanishukia mapajani. Nikasema kumbe wenye mali wanajua kuishi.

Kantabai akatokea. Akanipiga kofi la mkono, lile la kumwamsha mtu.

"Tatu, unafanya nini?"

"Napoza duka, Mama."

Nilidhani atafunga ule mlango. Hakufunga. Akavuta kigoda chake, akakaa pembeni yangu. "Vizuri. Poza. Mimi nangoja."

Tukakaa. Mashine inanguruma, haipumziki. Baada ya muda mvuke ukaisha. Baada ya muda tena, nikaanza kutoka jasho kuliko mwanzo. Kantabai anajipepea na kipande cha boksi. Mwishowe akaniuliza, "Duka limepoa?"

"Bado, Mama."

"Litapoa lini? Nifunge biashara tusubiri pamoja?" Akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya friza. "Weka mkono."

Nikaweka, nikautoa haraka.

"Sikiliza, mtoto," akasema. "Hakuna mashine ya kutengeneza baridi. Huyu ni mchukuzi tu. Anabeba joto lililomo ndani, anakuja kulitua huku nyuma. Wewe umemfungulia mlango. Sasa anabeba mzigo kutoka dukani, anautua dukani. Na mchukuzi mwenyewe anatoka jasho. Unadhani jasho lake linakwenda wapi?"

"Dukani."

"Na umeme analipa nani?"

Hilo nikalikwepa. Lakini nikauliza, "Na barafu je, Mama? Yenyewe ni baridi au si baridi?"

Akasema, "Barafu inakula joto. Ikishiba, inakuwa maji. Kazi ya muuza barafu si kuizuia isile. Huwezi. Kazi yake ni kuchagua itakula wapi."

Vijana, maneno hayo nimeyavaa maisha yangu yote. Mmeyapata bure, tena mmeketi.

Basi nikaacha kazi ya vikombe, nikarudi kwenye mapande, safari hii nikijua namlinda nani na nani. Nikaenda kwa wachonga milango, nikawaomba maranda yao, wao wakafurahi kufagiliwa. Maranda makavu chini, maranda pembeni, pande la barafu katikati, gunia juu, blanketi juu ya gunia. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke anavalisha barafu blanketi kwenye jua la Bagamoyo. Walinipitia wakiuliza, "Bi Tatu, mgonjwa wako hajambo leo? Kanywa uji?" Nami nawajibu, "Anaendelea vizuri, tofauti na mumeo."

Walidhani blanketi lina moto wake. Ninyi pia mnadhani hivyo, msinitazame. Blanketi halina moto. Hebu liache kitandani peke yake usiku kucha, uje asubuhi uone kama limejipasha. Moto ni wako wewe uliyejifunika, lenyewe linauzuia usitoke. Ukifunika nalo jiwe la baridi, litauzuia moto wa nje usiingie. Ni mlinzi wa mlango, hajali aliye ndani ni nani.

Mambo mengine nayasema haraka, mkiwa na kalamu andikeni. Usipondeponde barafu kabla ya saa yake, vipande vidogo vina midomo mingi, vinakula upesi. Samaki usimwekee barafu juu peke yake kama kilemba, mwekee chini, katikati na juu, maana joto haliji kwa kubisha hodi mlango wa mbele. Na akija mteja kukulalamikia kwamba barafu yako inayeyuka, mwambie ashukuru. Samaki hapozwi na barafu iliyokaa imenuna. Anapozwa na ile inayoyeyuka. Wengi waliniambia, "Bi Tatu, tafuta barafu isiyoyeyuka." Nikawaambia, ikipatikana nileteeni niwe tajiri, na samaki wenu muwazike kwa sanda.

Sasa Nasra ana neno lake moja, entropi. Alipolitamka mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa wa kuku. Akanieleza kwa nusu saa, chembe hivi, chembe vile, mpangilio, mtawanyiko. Nikamwambia subiri. Nikamwuliza, "Unajua shanga za kiunoni?"

Akaona haya. Vijana wa siku hizi wanaona haya kwa vitu vya maana, na kwa vitu vya aibu hawaoni.

Nikamwambia, uzi wa shanga ukikatika, na usiniulize umekatikaje, babu yako alikuwa mtu wa haraka, zinakwenda wapi? Chini ya kitanda, chini ya kabati, ndani ya kiatu. Kwa nini hazidondoki zikajipanga mstari, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe? Nani kazikataza? Hakuna aliyezikataza. Ila namna ya kujipanga ni moja, na namna za kutawanyika hazina idadi. Bahati nasibu gani hiyo utashinda? Na ukitaka zirudi kwenye uzi, inama, okota, tafuta taa, toka jasho. Shanga zimejipanga sawa, lakini jasho lako limeingia chumbani na halitarudi mwilini. Umepanga hapa, umevuruga pale.

Nasra akafunga daftari. Akasema, "Bibi, mwalimu wetu hakuisema vizuri hivyo."

"Mwalimu wenu hajawahi kukatikiwa."

Sasa niwape kisa nilichokikusudia tangu mwanzo, cha harusi ya mwanangu Shomari.

Shomari alimpenda msichana wa Miono anaitwa Asha. Miono wakati ule haikuwa na umeme, ni mashamba na mihogo na watu wenye ndimi kali. Wazee wetu walipokwenda kuposa, baba yake Asha, Mzee Pazi, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vitu vingi nawasameheni. Binti yangu si gunia la mahindi. Ila nataka shughuli ya nguru. Mbichi, mwenye macho ya kunitazama. Dada yangu naye aliolewa na watu wa pwani, wakatuletea samaki ambao walifika kabla ya gari. Tukala mihogo siku ya harusi. Mpaka leo dada yangu kijiji kizima kinamwita Bi Uvundo. Binti yangu hataitwa. Nitawanusa mwenyewe. Wakinuka, mtageuza gari, na bwana harusi wenu mtampakia."

Wazee wetu walirudi wamenywea. Shomari hakula siku mbili. Mimi nikamwambia, "Baba, kula. Mama yako anauza nini?"

Basi siku yenyewe, tukishaswali alfajiri, nikapanga nguru kumi na wawili ndani ya kabati la nguo la zamani nililolilaza chali kwenye pikapu. Maranda chini, barafu, nguru, barafu, nguru, barafu, gunia, na juu mablanketi matatu, mojawapo ni la harusi yangu mwenyewe. Barabara ya Msata wakati huo haikuwa na lami, tulikwenda tukimeza vumbi. Pale Msata tuliposimama kunywa chai, abiria mmoja wa basi akachungulia akasema, "Poleni, mmebeba maiti?" Nikamwambia, "Bado, ila ukigusa hilo blanketi tutakuwa naye."

Tulifika Miono saa nne asubuhi. Vigelegele, ngoma, mapokezi. Mzee Pazi hayupo, amekwenda kijiji cha pili kumchukua shehe, atarudi adhuhuri. Na bila yeye kabati halifunguliwi, maana pua ni yake. Nikahesabu. Saa tatu za kungoja. Barafu yangu ilikuwa na uwezo wa saa tano, ikibaki ilivyofunikwa. Nikatulia. Nikaenda kusalimia akina mama jikoni, nikasahau kwamba salamu zimeshaniangusha mara moja.

Nilisikia kicheko uani. Nikatoka.

Kondo, binamu yake Mzee Pazi, alikuwa anazunguka uwanja amejitanda mablanketi yangu yote matatu, moja mabegani, moja kiunoni, moja kichwani kama ushungi. Anatetemeka, meno anayagonganisha. "Jamani, nina homa ya harusi," anasema. "Niiteeni mganga wa pwani."

Mjue ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akija kwenye shughuli yako ana ruhusa. Anaweza kukalia sufuria, anaweza kumlilia bwana harusi kama marehemu, anaweza kuchukua kitu chako mpaka ukikomboe. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na ukoo wako mzima umeshindwa, na itasimuliwa.

Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Kondo, rudisha mablanketi."

"Wewe mwanamke una moyo wa jiwe," akanijibu, watu wote wanasikiliza. "Jua lote hili, na wewe umemvalisha barafu mablanketi matatu? Hata mbuzi angekushitaki. Blanketi ni joto. Mimi nimemwokoa, mwache apunge upepo."

Watu wakaangua kicheko. Wazee wakatikisa vichwa, wanakubali. Ndiyo, blanketi ni joto, kila mtu anajua.

"Nipe nguru mkubwa kuliko wote nirudishe," akasema. "Usiponipa nitalala nayo."

Nikatazama kabati. Kwenye pembe yake maji yalikuwa yanadondoka, tone, tone, tone. Nikiwa bado natazama yakaacha kudondoka, yakawa mchirizi. Nikimpa nguru, itabidi nifungue, joto liingie, na baada ya huyo atataka wa pili, maana utani hauishi mpaka watu wamecheka wakatosheka. Utani hauna haraka. Barafu haina subira. Shomari alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, kanzu nyeupe, uso umekuwa kama majivu. Ananitazama mimi.

Niliona hasira inapanda. Nikamkumbuka Kantabai na kigoda chake, alivyokaa akaniacha niipoze dunia. Nikavuta kinu kilichokuwa pale, nikakikalia.

"Kondo," nikasema, "wewe ni mtu mzima na hujui blanketi. Ulipozaliwa ulifungwa kanga tu, nini?"

"Najua kuliko wewe."

"Tushindane basi. Tukate vipande viwili vya barafu, sawa kwa sawa. Changu nakifunga kwenye blanketi. Chako kaa nacho kivulini, wazi, kama unavyotaka. Chako kikidumu, chukua nguru wawili, na kiti cha bwana harusi kaa wewe. Changu kikidumu, utavaa blanketi hilo mpaka shughuli iishe."

"Weka na kuimba, anayeshindwa aimbe," akasema.

"Naweka na kuimba. Hakimu awe Bi Chausiku." Huyo alikuwa mama yake Mzee Pazi, bibi wa miaka themanini, mwenye mdomo kama wembe. Watu wakashangilia.

"Ila kesi ni kesi," nikasema, nikatazama wazee. "Kabati hilo ndilo lenye kielelezo. Mpaka hukumu itoke, lirudishwe kama lilivyokuwa, na vifuniko vyake, asilisogelee mtu. Si yeye, si mimi. Wazee, nimekosea?"

Watu wa Miono wanapenda kesi kuliko wali. "Haki," wakasema. "Kielelezo hakiguswi."

Basi tukatoa pande dogo moja la juu kwa ajili ya mashindano, na Kondo mwenyewe, kwa mikono yake, akarudisha mablanketi mawili juu ya kabati. Akayachomeka pembeni vizuri kama anamlaza mtoto, nisije nikadai amefanya hila. La tatu nikafungia kipande changu. Mchirizi ukarudi kuwa matone. Shomari akavuta pumzi. Mimi nikakaa juu ya kinu changu, moyoni natabasamu mpaka kwenye fizi.

Kondo alikiweka kipande chake kwenye bakuli la udongo, chini ya kivuli cha ukuta. Baada ya muda akaona kinatoka jasho. Akaenda jikoni, akachukua kipepeo cha ukindu wanachokokea moto. Akaanza kukipepea.

Nikamwambia, "Pepea, Kondo. Inaona joto."

Akapepea kwa nguvu. Wasichana wakaanza kumwimbia kwa mwendo wa mkono wake, naye akazidi kwa sifa. Ninyi mnaojua mmeshaelewa. Kipepeo kinakupoza wewe kwa sababu una joto na jasho, upepo unakubebea. Barafu ni baridi kuliko upepo. Kila alipopepea, hewa iliyokwisha kupoa karibu na barafu aliifukuza, akaileta nyingine yenye joto. Ni kama kumletea mlaji sinia jipya kila anapomaliza tonge. Jamaa alikuwa anailisha kwa mikono miwili.

Kabla ya adhuhuri alikuwa anapepea bakuli la maji.

Bi Chausiku akaletwa kwa mkongojo. Akachungulia bakuli. "Kondo, ulikuwa unapika supu?" Kisha akaniashiria. Nikafungua blanketi, kunjo la kwanza, la pili, la tatu. Kipande kilikuwepo, kimepungua, lakini ni kikubwa kama yai la bata. Bibi akakichukua akakifumbata kiganjani.

"Hii inaniuma," akasema.

"Inakula, mama."

"Inakula nini?"

"Joto lako."

"Basi iache ile. Nina joto la miaka themanini na hakuna wa kumpa."

Akakataa kukirudisha. Alikaa nacho kiganjani, maji yanampita vidoleni, mpaka gari la shehe likaingia uwanjani.

Mzee Pazi aliteremka, hakumsalimu mtu kwanza. Akaja moja kwa moja kwenye kabati. Nikatoa mablanketi, gunia, nikafukua barafu iliyobaki. Haikuwa nyingi, sitawadanganya. Akamwinua nguru wa kwanza kwa shavu, akaweka pua. Akakaa hivyo. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, nilisikia kuku akichakura majani. Akafunua shavu kwa kidole, ndani jekundu kama ua la mkomamanga. Akamtazama jichoni, samaki naye akamtazama.

"Huyu," akasema Mzee Pazi, "bado hajaambiwa kwamba amekufa."

Akamrudisha taratibu, akageuka kwa Shomari. "Kwa nini umesimama? Shehe anangoja."

Ndoa ikafungwa. Nguru wakapikwa wa nazi, na bwana Kondo hakuna aliyemsahau. Alikaa mwisho wa mkeka, amevishwa blanketi mpaka shingoni, anakula huku jasho linamwingia kwenye sahani. Kila mwanamke aliyepita alimwuliza, "Homa vipi, mtani?" Alistahimili, sitamnyima sifa. Aliimba kama tulivyopatana, na blanketi hakulivua mpaka sinia la mwisho limeondolewa. Shemeji yangu mmoja akajitolea kumpepea.

Kondo alikuja kunitembelea karibuni, na mkongojo wake. Alipokaa tu akaniambia, "Tatu, nimefikiri. Siku ile, hata kama ningeshinda mimi, barafu yako ilikuwa imeshafunikwa."

"Umefikiri kwa muda gani?"

"Toka siku ile."

"Ungekuwa muuza barafu, Kondo, ungekuwa umeuza bahari."

Akacheka mpaka nikampigapiga mgongo. Akaniomba blanketi, akasema safari hii homa ni ya kweli. Nikampa lile la harusi.

Nasra alikuwepo, alisikia kisa chote. Jioni akaniletea simu. Alikuwa ameweka kipande cha barafu kwenye kisahani dirishani akakipiga picha ya video mpaka kikaisha, kisha akaigeuza iende nyuma. Nikaona dimbwi la maji linajikusanya lenyewe, linainuka, linapata pembe, linakuwa barafu. Nilicheka mpaka nikalia.

"Umejuaje kwamba imegeuzwa?" akaniuliza.

"Hata mtoto anayenyonya angejua. Ungenionyesha mpira unadunda, labda ungenidanganya. Barafu inatuambia saa zinakwenda upande gani."

Akakilaza kichwa begani kwangu. Ni msichana mrefu sasa, ana uso wa babu yake Mzee Pazi na pua ile ile ya kunusa. "Bibi," akasema, "kama yangeweza kurudi nyuma, si video, mambo yenyewe, ungependa yarudi?"

Nikafikiria magoti yangu ya zamani. Nikamfikiria Kantabai. Nikafikiria kiuno kilichokuwa na shanga. Sikukataa upesi, msidhani.

Kisha nikamwambia, "Yakirudi, nguru watatoka kwenye masinia watarudi wabichi. Shehe atayameza maneno yake. Baba yako atarudi kusimama kwenye ile nguzo, uso wa majivu, na mama yako atarudi ndani bila mume. Na wewe utarudi wapi?"

Akainuka, akaenda jikoni kuniletea maji. Nikasikia barafu zinagonga glasi, moja, mbili, tatu, nikasikia anasimama pale pale muda mrefu, anawaza.

Nikampigia kelele afunge mlango wa friji.